Gari Linagonga Nyuma? Pima Bushi za Stebilaiza Kabla ya Kununua Shokomzoba

Barabara ya kutoka Malindi kwenda Gede ina matuta ya kutosha, na kila tuta ni kipimo cha bure cha sehemu za chini za gari. Ukivuka polepole ukasikia mlio au mgongano kutoka nyuma, utakayemuuliza hapa mjini atakujibu bila kuinama: shokomzoba zimekufa. Unanunua mbili mpya, unafungiwa, na tuta la kwanza unalovuka ukirudi nyumbani, sauti ni ile ile. Pesa imekwenda, na kilichokuwa kinalia hakijaguswa. Mara nyingi ni vipande viwili vya mpira vinavyoenea kiganjani: bushi za stebilaiza ya nyuma, yaani mipira inayoshika chuma kinachozuia gari kulala upande. Bei yake haikaribii hata shokomzoba moja, na kuzibadilisha ni kazi ya nyumbani kwa mtu mwenye spana, jeki na subira.

Nimepanga maelezo haya kwa kufuata sauti, maana sauti ndiyo unayoanza nayo. Sehemu ya kupima ndiyo ndefu kuliko zote. Kufunga mpira mpya kila mtu anaweza. Kujua kama mpira ndio wenye kosa, hapo ndipo pesa za watu zinapopotea.

Je, gari lako lina stebilaiza nyuma?

Si kila gari linayo. Fielder na Axio za kuvuta mbele, Vitz, Demio na ndogo nyingine za aina hiyo zimewekewa nyuma boriti moja inayounganisha magurudumu mawili na kujikunja yenyewe. Hizo hazina bushi za kubadilisha katikati. Zikigonga nyuma, angalia bushi kubwa mbili za hiyo boriti pale inaposhikana na bodi, kisha vichwa vya shokomzoba. Subaru Forester na Legacy, Mark X, na magari mengine mengi ambayo kila gurudumu la nyuma lina mikono yake, kwa kawaida yana stebilaiza.

Kuitambua ni rahisi. Inama nyuma ya gari utafute chuma cha mviringo, chembamba kama kidole gumba au kinene kidogo zaidi, kinachopita kutoka upande mmoja hadi mwingine kikiwa kimekunjwa ncha zote mbili. Karibu na katikati kimeshikwa na breketi mbili za chuma zenye mpira ndani. Huo mpira ndio bushi. Kwenye ncha kuna linki, vijiti vifupi vinavyokiunganisha na mikono ya magurudumu.

Kazi yake ni kuzuia gari kulala upande unapokata kona. Bodi ikitaka kuinamia kulia, upande mmoja wa chuma unasukumwa juu na mwingine unavutwa chini, chuma kinajipinda na kukataa. Lakini ukipanda tuta kwa magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, chuma hakijipindi. Kinazunguka tu ndani ya bushi. Shika tofauti hiyo, maana karibu vipimo vyote vinavyofuata vinaitegemea.

Mlio wa "kwi-kwi" ukivuka tuta sawasawa

Magurudumu mawili yamepanda pamoja na chuma kimezunguka ndani ya mpira. Mpira ukiwa umekauka, au mchanga umeingia kati yake na chuma, unalia. Dalili inayotia muhuri ni hali ya hewa: mvua za masika zikinyesha mlio unapotea, jua likirudi kwa siku mbili tatu nao umerudi. Chukua chupa ya maji yenye sabuni kidogo, nyunyizia bushi zote mbili, kisha mwombe mtu auminye mkia wa gari juu chini. Mlio ukikata papo hapo, umempata mwenyewe. Usinyunyizie mafuta ya injini wala dizeli ili kunyamazisha. Mpira wa kawaida ukinywa mafuta unavimba na kulegea, na baada ya muda mfupi una tatizo kubwa kuliko mlio.

"Ko" moja kavu gurudumu moja likiingia shimoni

Hapa upande mmoja umeshuka na mwingine umebaki, kwa hiyo chuma kimejipinda na linki zimevutwa kwa nguvu. Mshukiwa wa kwanza ni linki, hasa zile zenye vichwa vya tufe la chuma kama kiungo cha nyonga. Bushi inakuja ya pili, ikiwa tundu lake limepanuka kiasi cha chuma kurukaruka ndani. Barabara za ndani za Muyeye na Kisumu Ndogo zinafaa kwa kipimo hiki. Nenda mwendo wa mtu anayetembea, ingiza gurudumu la kushoto peke yake shimoni, kisha la kulia, huku mwenzako amekaa kiti cha nyuma akisikiliza ni upande gani.

Mlolongo wa "kra-kra-kra" kwenye barabara ya kokoto

Ukielekea Marafa au vijiji vya ndani na gari likapiga kelele ndogo mfululizo, chuma kinacheza ndani ya bushi zilizolika. Lakini sauti hii ina ndugu wengi. Toa kwanza jeki, spana na tairi la spea kutoka buti, uendeshe tena. Nasema hivi kwa dhati, maana jeki iliyolegea ndani ya kisanduku chake hutoa sauti hiyo hiyo. Kisha tikisa bomba la moshi kwa mkono likiwa baridi, kwa kuwa mipira inayolining'iniza nayo hukatika. Pedi za breki zilizolegea pia hulia hivi, na hizo unazitambua kwa sababu ukigusa breki kidogo sauti inanyamaza.

Gari linayumba kwenye kona, halina sauti

Usikimbilie bushi. Bushi zilizolika huongeza kuyumba kidogo tu. Kuyumba kwa wazi kunatokana na linki iliyokatika kabisa, chuma cha stebilaiza kilichovunjika, shokomzoba zilizokwisha, au tairi zisizo na upepo wa kutosha. Anza na upepo.

Chuma kimesogea upande

Hii si wengi wanaoijua. Ukiangalia kutoka nyuma, ncha moja ya chuma iko karibu na gurudumu kuliko nyingine, na pengine kuna alama ya kusuguana na bomba la moshi au mkono wa gurudumu. Chuma nyingi zina pete ndogo pembeni mwa bushi za kukizuia kisitembee kushoto na kulia. Bushi zikilegea sana, au pete ikiliwa na kutu, chuma kinahama. Bushi mpya peke yake huenda isitoshe. Pete lazima irudishwe.

Kuthibitisha kwa mkono

Sauti inakuelekeza mtaa, mkono unakufikisha mlangoni. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote, kwenye shimo la gereji au nyuma likiwa limepandishwa kwenye rampu mbili za kimo sawa, lala chini na uweke vidole viwili nusu juu ya chuma, nusu juu ya breketi. Mwenzako atikise bodi upande kwa upande. Bushi nzima hutahisi chochote ila mpira kunyooka na kurudi. Bushi iliyokufa utahisi kipigo kidogo chini ya vidole, chuma kikigusa ukingo na kurudi, hata kama sikio halisikii. Hamisha vidole kwenye linki ya upande huo, kisha ya upande wa pili. Penye kipigo kikali ndipo penye kosa.

Usipime gari likiwa limeinuliwa upande mmoja na gurudumu linaning'inia. Chuma kinakuwa kimejipinda kwa nguvu, kinabana kila kitu, na bushi mbovu itaonekana nzima.

Ukibaki na shaka, kuna kipimo cha mwisho ambacho hakina ubishi. Fungua linki zote mbili za nyuma, funga ncha za chuma kwa waya zisiguse tairi wala mipira ya breki, kisha zunguka mtaani polepole, ukijua gari litalala zaidi kwenye kona. Usiende nalo barabara kuu. Sauti ikiwa imekwisha, kosa liko kwenye stebilaiza, bushi zake au linki. Sauti ikibaki vile vile, rudisha linki na usinunue bushi: sasa ni zamu ya shokomzoba na bushi za mikono ya nyuma. Shokomzoba nayo ina dalili zake. Mwili wake umelowa mafuta, au ukiminya kona ya gari na kuachia bodi inapanda na kushuka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia.

Kwa nini hapa zinakwisha mapema

Mchanga na chumvi. Upepo wa kusi unaleta unyevu wa bahari hadi ndani ya nyua za Shella na Casuarina, na gari linalolala nje hapo linapata kutu chini hata kama halijawahi kukanyaga ufuko. Kutu linamea juu ya chuma cha stebilaiza pale pale penye bushi, uso unakuwa mkavu wenye chembechembe, na kila tuta chuma kinausugua mpira kama msasa. Mchanga unaoingia kwenye mpasuo wa bushi, ule ufa unaofunguliwa ili kuivisha kwenye chuma, unamalizia. Ndiyo maana hapa mtu anafunga bushi mpya na kelele inarudi baada ya muda mfupi: mpira ni mpya, lakini chuma ni kile kile chenye kutu.

Dukani

Muuzaji wa spea atakuuliza, "Kaka, nyuma au mbele? Milimita ngapi?" Swali la pili ndilo la maana, na jina la gari pekee halilijibu. Modeli moja huweza kuja na vyuma vya unene tofauti kulingana na injini au mwaka. Pima mwenyewe kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), sehemu safi ya chuma iliyo mbali na bushi, baada ya kukwangua kutu na rangi. Milimita moja ya ziada kwenye tundu la bushi inatosha kuleta "ko" nyingine siku hiyo hiyo. Pima pia pale bushi inapokaa. Kama pameliwa na kuwa pembamba kwa wazi kuliko pembeni, bushi ya kipimo sahihi itacheza, na dawa ni chuma kingine, hata cha mtumba kutoka Japani, mradi ukipime kabla ya kulipa.

Nunua mbili, kila mara. Kuhusu mpira wa kawaida na ule mgumu wa rangi wa polyurethane, mimi kwa gari la familia nachagua wa kawaida. Mgumu unadumu na unashika kona vizuri, lakini unataka grisi yake ya silikoni, na mchanga wetu ukishaimaliza grisi hiyo unaanza kulia kwa sauti ambayo mpira wa kawaida haufikii. Kuna pia magari ambayo bushi imegundishwa kwenye chuma kiwandani. Ukiona mpira hauna mpasuo na umeshikana na chuma, uliza kama unauzwa peke yake. Mara nyingi huuzwa pamoja na chuma chake.

Kazi yenyewe

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, piga bolti za breketi brashi ya waya na uzinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu. Rudia asubuhi. Hiki ndicho kitendo kinachookoa bolti nyingi kuliko kingine chochote.

Sasa kuhusu kuinua gari. Nyua nyingi za Malindi ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja huku gari limo hewani. Weka chini yake ubao mpana na mnene, au fanya kazi kwenye sakafu ya saruji. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na gia mahali pake. Inua nyuma yote, pande mbili kimo sawa, kisha uikalishe juu ya stendi za chuma. Usitumie matofali ya matumbawe. Najua yamejaa kila uwanja na ndiyo yanayojenga nyumba zetu, lakini jiwe la matumbawe lina matundu ndani na hupasuka bila kuonya likibanwa sehemu moja na chuma. Wewe utakuwa chini yake. Kama huna stendi, azima, au acha kazi hadi uzipate.

Kuinua pande mbili kwa usawa kuna sababu nyingine pia. Upande mmoja ukiwa juu, chuma kinakuwa kimejipinda, na ukifungua breketi kinaruka na kupiga vidole. Magurudumu yakilingana, chuma kinalegea na unaweza kukisogeza kwa mkono.

Legeza bolti za pande zote mbili kabla ya kutoa hata moja. Tumia soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili inayokula vichwa. Bolti ikigoma, kaza kidogo kwanza ili kutu livunjike, kisha legeza robo, rudisha, legeza tena. Ikigoma kabisa, ongeza mafuta na usubiri. Usipige moto wa gesi. Katika magari mengi tangi la petroli na mirija ya breki vipo karibu sana na breketi hizi za nyuma, na moto hapo si jambo la kujaribu. Bolti ikikatika ndani, au nati iliyochomelewa ndani ya bodi ikazunguka pamoja na bolti, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kutoboa.

Breketi zikitoka, kabla ya kuchomoa mpira tazama mpasuo wake umeelekea wapi, mbele au nyuma, na upande bapa umekaa wapi. Piga picha kwa simu. Mpya itakaa vivyo hivyo. Kisha vua bushi kwa kufungua mpasuo. Huna haja ya kutoa chuma chote.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi wanairuka. Safisha chuma, sentimita kumi hivi kila upande wa mahali pa bushi, kwanza kwa brashi ya waya, kisha msasa mkavu, kisha msasa laini, mpaka kidole kikipita kisikwaruzike. Futa kwa kitambaa kikavu. Hakikisha hakuna chembe ya mchanga iliyobaki. Kwangua na ndani ya breketi, na uso wa bodi breketi inapokalia. Kutu nene hapo huifanya ikae juu juu na bolti ilegee baadaye. Breketi iliyoliwa na kutu hadi kuwa nyembamba, tupa.

Visha bushi mpya. Mpira wa kawaida, maji ya sabuni kidogo au grisi ya silikoni nyembamba inatosha. Wenye kitambaa laini ndani uvishe ukiwa mkavu. Polyurethane, paka grisi yake vizuri. Sukuma bushi hadi igusane na pete ya chuma kama ipo, kisha rudisha breketi na uingize bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Breketi inapaswa kuubana mpira kidogo na kukaa bapa chuma kwa chuma. Ukilazimika kuivuta kwa nguvu za bolti kutoka mbali, bushi ni nene kuliko inayotakiwa. Ikikaa bila kubana kabisa, ni nyembamba. Rudi dukani.

Shusha gari, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze mara ya mwisho. Kwa bushi za linki hili ni la lazima, maana mpira wake ukikazwa gurudumu likining'inia hubaki umejipinda siku zote na kuchanika. Nguvu ya kukaza fuata kitabu cha gari lako. Pasipo na kitabu, bolti ya kawaida ya milimita 8 yenye daraja la uimara la 8.8 hukazwa karibu na nyutonimita 25, na ya milimita 10 karibu na 50. Ukiongeza mkono wa bomba kwenye spana utakata bolti ambayo chumvi imekwisha kuidhoofisha.

Umebadilisha, na bado kuna sauti

Mlio mpya kwenye bushi mpya kabisa, siku ya kwanza: chuma hakikusafishwa vizuri, au umefunga polyurethane kavu. Fungua, safisha, paka, funga. Haina sababu nyingine ya kawaida.

Mgongano ukiwa umepungua lakini haujaisha, sasa ndio unasikia linki, ambayo kelele ya bushi ilikuwa inaifunika. Rudia kipimo cha vidole, safari hii kwenye linki peke yake. Kama hali ni ile ile kabisa, huenda kipimo cha kufungua linki kilirukwa, na hapo ndipo pa kurudi.

Sauti ikitulia vizuri kisha ikarudi baada ya miezi michache, usinunue bushi za tatu. Toa breketi na upime chuma pale bushi inapokaa, kisha pembeni yake. Tofauti ikionekana kwa macho, badilisha chuma. Na kama gari hupita mara kwa mara mchangani upande wa Mambrui au Ngomeni, lipige maji matamu chini kila ukirudi, hasa nyuma, ukielekeza mpira wa maji kwenye breketi zote mbili hadi mchanga uache kutoka kwenye mpasuo wa bushi.